Kitanda kilikuwa kifupi, mtoto hakuwa mkaidi

Mara ya kwanza sikusikia kitu. Nilikuwa sebuleni na baba yake, taa moja tu imewashwa, tukizungumza kwa ile sauti ya chini ambayo wazazi wa mtoto mdogo huizoea bila kujua. Nusu saa kabla nilikuwa nimemlaza kwenye kitanda chake chenye fito, nikasimama mlangoni hadi pumzi zake zikatulia, nikaondoka kwa kunyata. Nilipoinua macho, binti yangu alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha sebule, peku, akitutazama. Alikuwa na miezi 20.

Tulicheka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ninalolijutia zaidi. Baba yake alimnyanyua juu, mimi nikapiga makofi, kisha tukamrudisha kitandani ili tuone amefanyaje. Akatuonyesha bila kusita: mguu wa kulia juu ya ukingo, kifua kimelalia ubao, vidole vimeng'ang'ania, halafu mwili mzima ukabingirika upande wa pili, baba yake akamdaka. Tukacheka tena. Kwa mtoto wa umri ule kicheko cha mama na baba ni zawadi kubwa kuliko mwanasesere yeyote, na sisi tulimzawadia mara mbili kwa jioni moja. Usiku huo huo tulikwenda kulala kitanda kikiwa vile vile kilivyokuwa.

Usiku wa tatu nikasikia kishindo.

Kichwa cha mtoto kikigonga sakafu kina mlio wake. Ni mzito, mfupi, kisha kimya. Nilifika chumbani kabla hajaanza kulia, na alipolia nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nundu ilikuwa tayari inaota juu ya jicho la kushoto. Dakika kumi baadaye akatapika, tukavaa viatu na kuondoka.

Daktari aliyetupokea hakuwa na papara. Alimmulika mboni za macho, akampapasa kichwa chote kwa ncha za vidole, huku akituuliza maswali mfululizo. Alipoanguka alilia papo hapo? Alizimia hata kidogo? Ametapika mara ngapi? Anawatambua? Kuna majimaji yaliyotoka puani au masikioni? Amekuwa mzito wa kuamka kuliko kawaida? Akauliza pia ukingo wa kitanda una urefu gani kutoka sakafuni, swali ambalo wakati ule niliona halina maana. Lina maana kubwa. Kwa mtoto wa chini ya miaka 2, madaktari huhesabu anguko la kutoka zaidi ya sentimita 90 kuwa miongoni mwa yale mazito; kwa mtoto mkubwa zaidi mpaka huo hupanda hadi mita 1 na nusu. Ukingo wa kitanda cha mtoto hukaribia kabisa zile sentimita 90.

Walitubakiza pale saa kadhaa, wakimwangalia tu. Picha ya kichwa hawakumpiga, kwa kuwa alikuwa anacheza, anakunywa, anamsukuma muuguzi mkono, na daktari hakutaka kumpa mionzi asiyoihitaji. Kulipokaribia kucha akaturuhusu. Tukiwa tunafunga vifungo vya sweta, akaniuliza swali la mwisho.

"Mama, chaga za kitanda mmeziweka tundu la ngapi?"

Sikujua. Nilikuwa nimemlaza mtoto kwenye kitanda kile kila siku kwa mwaka mmoja na zaidi, na sikujua.

Tulipofika nyumbani nililala chini sakafuni na tochi ya simu, nikatazama. Kila nguzo ilikuwa na matundu matatu. Tundu la juu ni la mtoto mchanga asiyejiweza, la kati ni la mtoto anayeanza kujinyanyua, la chini ni la mtoto anayesimama. Chaga zetu zilikuwa tundu la kati. Tulizishusha mara moja, alipoanza kukaa, tukaridhika. Alipoanza kusimama dede, akiwa ameshikilia ukingo na kutetemeka magoti, tulimpiga picha nyingi na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria skrubu. Na sababu nyingine ninaijua, hata kama sikuwahi kuitamka: mgongo wangu ulikuwa unauma tangu uzazi, na kumwinamia mtoto aliyelala chini kabisa kulinitesa. Tundu la kati lilikuwa linanifaa mimi.

Kulikuwa na jambo la pili. Miezi michache kabla, tukiamini halali vizuri kwa sababu godoro ni gumu, tulikuwa tumeongeza godoro jembamba juu ya lile la kwanza. Hapo ndipo nilipopata hesabu ambayo ningetamani kila mzazi aifanye mapema: kila sentimita unayoongeza kwenye godoro unaitoa kwenye ukingo. Unafikiri umemwongezea mtoto starehe, kumbe umemsogezea ukingo chini. Godoro la ziada lina hatari nyingine mbaya zaidi kwa mtoto mchanga, ya kuziba pumzi, kwa hiyo kitanda hupaswa kuwa na godoro moja tu, gumu, lililojaa fremu bila kuacha mwanya pembeni. Lakini hata kwa mtoto aliyevuka umri huo, godoro la pili ni ngazi.

Nilimsimamisha kitandani asubuhi ile, nundu yake imegeuka zambarau, nikaona kwa macho yangu. Ukingo ulimfikia juu kidogo ya kitovu. Ukuta unaomfikia mtu kitovuni haumzuii kitu. Hata mimi, mtu mzima, ukinipa ukuta wa kitovuni nitaupita.

Baba yake akaleta bisibisi. Tulitoa godoro la juu, tukashusha chaga hadi tundu la mwisho, tukamrudisha ndani. Sasa ukingo ulimfikia karibu na makwapa. Alitupa mguu juu kama alivyozoea, ukagonga fito, ukarudi. Akajaribu tena. Kisha akatutazama kwa mshangao mkubwa, kana kwamba kitanda ndicho kilichoota kirefu usiku kucha. Kazi yote ilichukua chini ya robo saa.

Robo saa. Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Usiku wa hospitali, hofu ile, ulizuilika kwa robo saa na bisibisi.

Ndiyo maana nasema kwa moyo wote kwamba mtoto kuruka kitanda ni suala la vipimo kabla halijawa suala la tabia. Katika wiki ile watu walionipenda walinishauri nimkanye, nimwonyeshe uso mkali, nimfundishe kwamba mama hataki. Nilijaribu mara moja. Nilimwambia kwa ukali, "Hapana! Hatupandi!" akaangua kilio kilichonivunja, kwa sababu siku mbili kabla kupanda kule kule kulimletea makofi. Angejuaje? Mdogo wangu, nilipomsimulia kwenye simu, alikaa kimya kidogo akasema, "Dada, huyo mtoto hajafanya kosa. Amekua." Nilikasirika kidogo, jinsi mtu anavyokasirika akiambiwa kweli.

Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinatoa kipimo ambacho yeyote mwenye futi ya kupimia anaweza kukitumia: mtoto akifikisha kimo cha sentimita 89, au ukingo ukiwa chini ya robo tatu ya kimo chake, au akisimama ukingo ukamfikia kwenye chuchu, muda wa kitanda hicho umekwisha. Na chaga ziwe tundu la mwisho kabla hajaweza kusimama, siyo baada ya kuruka. Kipimo cha chuchu ndicho ninachokipenda, kwa sababu hakihitaji hata futi. Unamtazama tu mtoto wako akiwa amesimama, jambo unalolifanya kila siku, ila mara hii unatazama ubao badala ya uso wake.

Umri nao unasaidia, lakini si sana. Wengi huanza kuruka kati ya miezi 18 na miaka 3, na hapo katikati kuna nafasi kubwa mno. Kuna mtoto wa mwaka na miezi minne anayepita kama maji, na kuna wa miaka mitatu anayekaa ndani akiita hadi atolewe. Ukimsubiri mtoto afikishe umri fulani ndipo ushike bisibisi, unaweza kuchelewa kama mimi.

Usiku wa pili baada ya hospitali sikulala. Nilikaa kwenye kiti chumbani mwake nikasoma kwenye simu kila nilichokipata. Watafiti wa Marekani walipitia kumbukumbu za vyumba vya dharura kuanzia mwaka 1990 hadi 2008 wakakadiria kwamba, kwa mwaka, watoto zaidi ya 9,500 wa chini ya miaka 2 walipelekwa kutibiwa majeraha yaliyohusu vitanda vyao vya kulalia na vizimba vya kuchezea. Karibu theluthi mbili yao walikuwa wameanguka. Sikuisoma namba ile kwa faraja wala kwa woga. Niliona tu sebule 9,500, taa moja imewashwa, wazazi wawili wakinong'ona.

Kinachomwangusha mtoto si uzembe wake, ni umbo lake. Mtoto huzaliwa na kichwa ambacho ni kama robo ya urefu wake wote. Mtu mzima kichwa chake ni kama sehemu moja kwa nane. Wa miaka miwili yuko njiani kati ya hapo na hapo, bado uzito wake mwingi uko juu. Akilalia ukingo kwa kifua, miguu ndiyo inayosukuma, lakini kifua kikishapita ubao, kichwa ndicho kinachoamua. Mikono yake mifupi hufika chini kwa kuchelewa au haifiki. Ndiyo sababu nundu za watoto hawa ziko kwenye paji la uso.

Halafu kuna jambo la kupanda na kushuka. Ukiwa na ngazi nyumbani umeliona: mtoto anakwea hadi juu, anageuka, anatazama chini, anaanza kulia. Karen Adolph wa Chuo Kikuu cha New York na wenzake waliwauliza wazazi wa watoto wengi wadogo, wakakuta kupanda ngazi hutangulia, kwa wastani karibu na miezi 11, na kushuka huja wiki kadhaa baadaye. Kupanda unakwenda kwenye kitu unachokiona. Kushuka kunataka ugeuze mgongo, upeleke mguu mahali usipopaona, uamini kwamba sakafu ipo. Ni akili ya aina nyingine kabisa. Basi mtoto aliye juu ya ukingo wa kitanda ni mtoto aliyejua nusu ya kazi. Nusu ya kwanza ameiweza vizuri sana. Nusu ya pili anaimalizia kwa kichwa.

Mtafiti huyo huyo, mwaka 2012, alichapisha hesabu iliyonifanya nimtazame binti yangu kwa heshima mpya: watoto wa mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu hivi, wakiachwa wacheze huru, hupiga wastani wa hatua 2,368 kwa saa na kuanguka mara 17 kwa saa hiyo hiyo. Mara 17! Na wanainuka. Kwa mtoto wa umri huo kuanguka ndiyo njia ya kujifunza, na mwili wake haujapata sababu ya kuamini kwamba kuna maanguko ya aina mbili, ya kutoka kimo chake mwenyewe na ya kutoka juu ya ubao. Kujua tofauti hiyo ni kazi yetu.

Tuliishi na tundu la mwisho kwa miezi mitano. Katika miezi hiyo niliondoa kila kitu alichoweza kukikanyaga: mto, mwanasesere mkubwa, na ule mzunguko wa vitambaa vilivyojazwa sufi unaofungwa kwenye fito. Huo wa mwisho ungepaswa kuondoka siku nyingi. Marekani iliupiga marufuku kisheria mwaka 2022 kwa sababu ya watoto wachanga waliozibwa pumzi. Nilivuta kitanda mbali na kabati la nguo, kwa kuwa kabati nalo lilikuwa na ukingo wa kushikia. Nilimvisha kifuko cha kulalia, kile kisicho na nafasi ya kutanua miguu, na kwa wiki kadhaa kilifanya kazi kuliko maneno yangu yote. Rafiki mmoja alinishauri hema la wavu, linalofungwa juu ya kitanda na kumfungia mtoto ndani. Nililikataa. Watoto wamewahi kunaswa shingo kwenye mahema ya namna hiyo, na mtoto anayeweza kuinua mwili wake wote kwa mikono ataupimia wavu nguvu hizo hizo.

Vitanda vyenye upande wa kuteremka tusizungumze sana. Kama umerithi kimoja cha zamani, ukingo wake mmoja ukipanda na kushuka kwa reli, usikitumie. Marekani iliviondoa sokoni mwaka 2011 baada ya vifo vya watoto walionaswa pale upande ulipochomoka.

Miezi mitano ile haikuwa ya kupoteza. Nilikuwa na haraka ya kumhamishia kitanda cha kawaida, kwa aibu kidogo, kwa sababu wenzake walishahama na kila mzazi alilisema kama cheo. Kisha nikakutana na utafiti wa mwaka 2019 uliowaangalia karibu watoto 2,000 wa miezi 18 hadi 36 katika nchi tano. Waliokuwa bado wanalala kwenye vitanda vyenye fito walilala mapema zaidi, waliamka mara chache zaidi usiku, na usingizi wao ulikuwa mrefu zaidi. Utafiti huo hauthibitishi kwamba kitanda ndicho kilichowalaza. Huenda wanaolala vibaya ndio wanaohamishwa mapema. Lakini uliniondolea haraka. Kama mtoto hapandi na ukingo bado unampita chuchu, mwache. Hata kama kuna mdogo wake njiani anayekihitaji kitanda, tafuta njia nyingine kwanza, maana mtoto akinyang'anywa kitanda chake na kukiona amelazwa mtu mwingine, kuna maumivu ambayo hana maneno ya kuyasema.

Alipofikisha miezi 25 ukingo ulikuwa umemfika chuchuni. Sikusubiri kishindo kingine. Kitanda chetu kilitengenezwa ili upande mmoja uweze kutolewa bila kulegeza fremu (si vyote viko hivyo, na kukikata au kukifungua kisichokusudiwa hivyo ni kujenga mtego), kwa hiyo tuliutoa.

Lakini kabla ya kuutoa nilipiga magoti. Namaanisha nilitembea kwa magoti kuzunguka chumba, macho yangu yakiwa pale yalipo macho yake, kwa sababu tangu usiku ule chumba kizima kingekuwa kitanda. Kutoka kule chini kabati lilikuwa ngazi yenye vipandio vitatu, kila droo kipandio. Droo zote tatu zikivutwa na mtoto akaning'inia, kabati linamfuata. Baba yake alilifunga ukutani kwa vyuma na skrubu ndefu. Kamba ya pazia, ambayo nikiwa nimesimama sikuwahi kuiona, ilining'inia sawa na shingo yake. Tuliikata na kuifunga juu. Tulifunika soketi. Dirisha tuliliwekea kizuizi. Mlangoni tuliweka geti fupi, na hatukuutia ufunguo, maana usiku wa moto mlango uliofungwa kwa ufunguo humfungia mtoto ndani na mzazi nje.

Usiku wa kwanza alitoka mara 14. Nilihesabu kwa sababu kuhesabu kulinisaidia nisikasirike. Kila mara nilimkuta getini, nikamshika mkono, nikamrudisha, nikasema maneno yale yale, "Ni usiku, mama, tulale," wala sikuongeza neno. Sikucheka. Hilo nilikuwa nimejifunza. Usiku wa pili mara 9. Usiku wa tatu mara 16, na nililia jikoni. Wiki ya pili mara mbili tatu. Usingizi wa mchana uliharibika kabisa kwa mwezi mzima; mtoto wa umri wake anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku na sisi tulikuwa tunafika 10 kwa taabu, naye jioni akawa analia kwa kila kitu. Lakini hakuna aliyepiga kichwa sakafuni. Nilikubali biashara hiyo.

Nilichokuwa sijakitazamia ni huzuni. Kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa nikimlaza na kujua yuko pale pale nilipomwacha. Sasa nilipozima taa, yeye ndiye aliyekuwa anaamua kubaki. Nilisimama nyuma ya mlango usiku mwingi nikisikiliza miguu yake ikizunguka chumbani, ikisimama, ikizunguka tena, hadi ilipotulia.

Jioni moja, kama wiki ya tano, nilisahau dubu wake sebuleni nikarudi kumpelekea. Nilisukuma mlango polepole. Upande wa kushoto wa kitanda ulikuwa wazi, godoro limeshuka karibu na sakafu, angeweza kutoka kwa kunyoosha mguu tu. Yeye alikuwa upande wa kulia, ule uliobaki na fito zake. Ameshika ubao kwa mikono miwili, ulimi nje kidogo kwa umakini, mguu wa kulia umeshapita juu.

Nilimdaka. Asubuhi baba yake akaleta bisibisi, tukatoa upande wa pili, na wa tatu, na wa nne, tukaliweka godoro chini sakafuni.